Mapigo Niliyoyakutanisha

Msondo wa mke wangu, ngoma yake ndefu, ulikaa nyuma ya mlango wa chumba chetu cha kulala, umefungwa kwa kanga, na katika maisha yetu yote ya ndoa sikuwahi kuugusa. Kiatu changu kikiingia nyuma yake, nilimwita aje ausogeze. Hakunikataza kwa maneno. Nilioa nikijua, kama anavyojua kila mwanamume wa Unguja, kwamba biharusi hupelekwa ndani akafundwa na wanawake wakubwa, kwamba zipo ngoma zinazokwenda na mafunzo hayo, na kwamba yanayosemwa na kupigwa humo si ya masikio yetu. Mke wangu ndiye aliyekuwa mpigaji. Wakimwita, alijifunika buibui, msondo ukapakiwa kwenye mkokoteni, naye akafuata nyuma. Akirudi, nikimuuliza shughuli ilikwendaje, alinijibu, "Watu walikuwa wengi," au, "Pilau limezidi chumvi." Nikaridhika na hayo, au nilidhani nimeridhika.

Mtu wa nje anaweza kuona kupiga ngoma ni jambo dogo. Kwake halikuwa dogo. Ndani ya nyumba yetu yeye alikuwa mke wangu, mama wa watoto wangu, na mkwe wa mama yangu, aliyemtumikia mpaka alipokufa. Kwenye ngoma alikuwa yeye mwenyewe. Wanawake ambao waume zao walikuwa wakubwa wangu kazini walimwinamia na kumwita somo, mwalimu wao. Na miaka hii ya karibuni, vidole vilipoanza kumvimba kwa baridi yabisi, alikuwa amejiwekea jambo moja tu la kulingoja: mikono imvumilie mpaka ampigie mjukuu wetu, binti wa mwanetu mkubwa, siku atakayofundwa. Baada ya hapo angemwachia mwengine. Harusi ilikwisha kupangwa, mwezi wa Mfunguo Tatu. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka, na hilo ndilo nililomharibia.

Mimi ni mtu wa fidla. Nilisoma mpaka sekondari, nikafanya ukarani bandarini, na jioni zangu zilikwisha katika klabu ya taarabu. Kwa kuwa hati yangu ilikuwa nzuri, klabu ilinipa pia kazi ya kunakili nota: kila mpigaji na karatasi yake, kwa wino. Makaratasi hayo tuliyaweka kabatini, na unyevu wa Mji Mkongwe hauna huruma na karatasi. Nilipostaafu nilikuta mengi yameshikamana kama chapati zilizolala, na mengine yameliwa na mchwa. Mwanangu akanipa kompyuta yake ya zamani. Nikatia programu ya kuandikia nota, ile ya bure, nikaanza kuyaandika upya kabla hayajaisha.

Programu ile ukishaiandikia, unabonyeza kitufe nayo inakupigia ulichoandika. Kwa mtu aliyezoea kungoja mpaka wapigaji wote wafike mazoezini ndipo ajue kama amekosea, ilikuwa neema. Lakini ala ilizokuja nazo zilikuwa za Ulaya. Sehemu ya kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ilipigwa na piano, sehemu ya nai ikapigwa na filimbi ya bendi ya polisi. Nikatafuta kwenye mtandao, nikajua kwamba sauti zinaweza kuongezwa. Mtu hurikodi ala yake, sauti mojamoja, akazifunga zote katika faili wanaloliita saundfonti. Unalitia faili hilo kwenye programu, na tangu hapo kila nota unayoiandika inakwenda humo kuchukua sauti yake. Nikapata kanuni iliyorikodiwa na Waturuki. Nikapata udi, nikapata nai. Siku niliyoisikia bashraf ya klabu yetu, ule muziki wa kufungulia usioimbwa, ikitoka kwenye spika juu ya meza ya kulia, na kanuni ya kweli ndani yake, nilimwita mke wangu kutoka jikoni.

Alisikiliza huku anajifuta mikono.

"Nzuri," akasema. "Lakini huyo wa ngoma ana nini? Anapiga godoro?"

"Ndiyo ngoma waliyoniwekea."

"Warudishie. Ngoma hiyo ina njaa."

Alisema kweli. Mtandaoni niliziona ngoma za Kuba, za Misri, hata za Japani. Hakuna aliyerikodi za kwetu. Ile sauti nene iliyokuwa ikizibeba nyimbo zetu za harusi haikuwepo popote, na mimi nilikuwa nikilala nayo chumba kimoja. Nililizungusha jambo hilo kichwani siku kadhaa, kisha nikamwendea.

"Nnataka sauti ya msondo wako."

Alikuwa amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kaupakata ungo, anachambua mchele. Hakuinua uso. "Wewe mwanamume una haya wewe?"

"Sitaki ngoma. Nnataka pigo mojamoja. Unapiga, unanyamaza, mie nnarikodi. Kisha unapiga jengine."

"Na hilo pigo moja utalifanyia nini? Utalichovya kwenye chai?"

Nikamweleza jinsi inavyokuwa, kwamba sauti zikishaingia kwenye programu nitaziandikia nota za nyimbo za klabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi nilipozungumza habari za kompyuta. Akautikisa ungo, akatoa kijiwe, akakitupa.

"Pigo moja si ngoma," akasema. "Hata paka akiuparamia atatoa pigo moja. Hayo nitakupa. Yatie kwenye nyimbo zenu huko klabu, zishibe. Lakini usiyakutanishe kwa namna yetu. Namna yetu huijui, na sitaki uijue."

"Nimekubali."

"Sema vizuri."

"Sitayakutanisha kwa namna yenu."

Tulirikodi asubuhi, stoo, godoro limesimamishwa mlangoni kuzuia kelele za kichochoroni. Aliupasha msondo kwa moto wa makuti uani mpaka ngozi ikalia alivyotaka. Kisha akaniambia nigeuke ukutani, nami nikageuka, nikawa naishika rikoda kwa mkono uliokwenda nyuma ya mgongo wangu. Kiganja kizima katikati ya ngozi, sauti nene. Ncha za vidole pembeni, sauti kavu. Mkono uliopiga ukabaki palepale juu ya ngozi, sauti fupi iliyozibwa. Kila moja nilimwomba kwa nguvu, kisha kwa kiasi, kisha kwa upole, kwa sababu programu huchagua mojawapo kulingana na nota ilivyoandikwa.

Nilipozitazama sauti hizo kwenye kompyuta niliona kwamba zile za upole, tulizozirikodi mwisho, zimeshuka. Msondo ulikuwa umepoa tukiwa kazini. Ikabidi turudie.

"Ngoma hupoa kama chai," akanambia akiwasha makuti tena. "Skuli hawakukufundisheni hilo?"

"Walitufundisha aljebra."

"Basi kaipashe aljebra."

Nayakumbuka maneno haya kwa sababu tulicheka sote wawili, na hatujacheka namna ile tena.

Palikuwa na jambo la bangili. Nilimwomba azivue, akajaribu, hazikupita kwenye kifundo kilichovimba. Katika kila pigo la nguvu, mara kiganja kinapotua, bangili zilifuata kwa mlio mdogo. Kazi ya kusafisha sauti ni kukata kisichotakiwa. Nilikata pumzi yake, nilikata mlio wa pikipiki, nilikata ule ukimya mdogo wa mwanzo ambao ukiuacha pigo huchelewa. Bangili nilizikata pia, nikasikiliza, pigo likawa la mtu yeyote. Nikazirudisha. Kila pigo nikalipa nota yake, nikalifunga faili.

Nyimbo za klabu zilinyanyuka. Yeye mwenyewe alikuja akasikia, akaitikia kwa kichwa. "Sasa imekula," akasema. Laiti ningeishia hapo.

Mke wangu, akichambua mchele, vidole vyake hugonga ukingo wa ungo. Nilikuwa nimeusikia mdundo ule tangu ujana wetu, kama mtu anavyosikia bomba linalovuja. Siku moja programu iko wazi mbele yangu nikasikia kwamba haukuwa mdundo wa ovyo. Ulikuwa na mpango. Ulikwenda, ukazunguka, ukafika mahali ukajikwaa kama mtu aliyekosa ngazi, ukajishika, ukarudi mwanzo. Sikuwahi kusikia mpango kama ule katika kidumbak wala katika beni, wala katika ngoma yoyote inayopigwa mbele yetu. Mke wangu mwenyewe, naamini, hakujua kwamba anaupiga. Mikono yake ilikuwa ikikumbuka peke yake.

Nikaanza kuuandika. Nilikaa karibu na mlango wa jikoni na gazeti mikononi, yeye mgongo wake uko kwangu, nami nikihesabu kwa kidole cha mguu. Nilirudi siku ya pili, na ya tatu, mpaka nikaipata ile sehemu ya kujikwaa.

Sitajificha hapa. Nilijua ninachokifanya. Nilijiambia kwamba mapigo alinipa kwa hiari yake. Kwamba mdundo wa ungo ulipigwa ndani ya nyumba yangu mchana kweupe na hakuna aliyenificha. Kwamba atakayeyakutanisha ni kompyuta, si mimi. Mwizi hakosi hoja. Ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu. Nilikuwa mtu wa muziki aliyeishi maisha yake yote kando ya muziki ambao haukumhitaji, na nilikuwa nimepata ufa wa kuchungulia.

Nilingoja siku aliyokwenda kumtazama mgonjwa Malindi. Nikabonyeza kitufe.

Sijui niseme nini juu ya nilichokisikia. Ilikuwa kama yumo ndani ya spika, amenipa mgongo, na hajui kwamba nipo. Mlio wa bangili ulianguka mahali pake kila mara. Nikaipiga tena, nikaongeza sauti.

Hodi ikapigwa. Alikuwa mwenzangu wa klabu, mpiga akodioni, ambaye siku hizi riziki yake ni kutayarisha burudani za wageni katika mahoteli ya kaskazini, Nungwi na Matemwe. Alifuata nota zake. Nilipaswa kuizima ile sauti kabla sijafungua. Nikafungua, nikaiacha.

"Hii nini?" akauliza akivua viatu.

"Sikiliza kwanza."

Akasikiliza, mguu ukaanza kumcheza. "Ya wapi hii? Sijapata kuisikia."

"Nimeitengeneza mie."

"Wewe? Wewe makofi ya harusini yanakushinda, leo utengeneze hii?"

"Kompyuta haitaki makofi."

Akacheka mpaka akakaa. Kisha akasema, "Nipe. Wageni wangu nshawachosha kwa nyimbo zilezile. Hii wakishuka tu garini, mtu ana dafu lake mkononi, ngoma inamlaki."

"Hii haijakamilika."

"Ikikamilika utakuwa ushakufa. Si umesema yako? Nipe, bwana."

Nilikuwa na njia moja ya kukataa, nayo ni kusema kwamba si yangu. Nikamtilia kwenye flashi.

Mfungo wa Ramadhani ukaja, ukapita. Sikulisikia lolote, nikaanza kusahau. Baada ya sikukuu mke wangu alianza kuweka mikono yake katika maji ya moto na chumvi kila asubuhi, akikunja vidole na kuvikunjua, akijitayarisha kwa mjukuu. Nilimpelekea yale maji mimi mwenyewe.

Kisha akaja mwanamke mmoja wa Matemwe, kijana wa kiasi, aliyefundwa na mke wangu siku zake za harusi, na ambaye sasa anafanya kazi ya kufua katika hoteli moja kule kwao. Nilikuwa chumbani. Niliwasikia ukumbini.

"Shikamoo, somo yangu."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea kama mwezi wa shaabani. Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo. Somo, nimekusikia kazini."

"Umenisikia vipi? Mie Matemwe mara ya mwisho nilikuja kumzika bibi yako."

"Nilikuwa nnakunja mashuka. Wageni wanakaribishwa huko mbele. Nikasikia mkono wako. Nikajidanganya, nikasema mikono hufanana. Halafu nikasikia bangili."

Nikasikia chai ikimiminwa.

"Wanaume wamesimama pale, somo. Mpishi, mlinzi, wageni na nguo zao za kuogelea. Na wasichana wanacheza wasichokijua. Nilizima mashine ili nisikie vizuri, kisha nikaiwasha ili nisisikie."

"Kunywa chai," mke wangu akasema. Nikasikia kikombe kikisogezwa. "Nani mwengine kasikia?"

"Tuko wengi pale, sote wa kijijini. Mmoja keshapiga simu mjini kwa wakubwa wa ngoma. Mie nimekuja mwenyewe ili usiambiwe na mtu mwengine."

Alipoondoka, mke wangu alikuja akasimama mlangoni mwa chumba. Kompyuta ilikuwa imezimwa, lakini aliitazama hiyo, hakunitazama mimi.

"Umeyakutanisha," akasema.

"Naam."

"Namna yetu umeitoa wapi? Nani kakwambia?"

Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu niliona anawapitia rafiki zake mmoja mmoja kichwani, akitafuta msaliti. Nikamwambia habari za ungo. Aliinua mikono yake akaitazama, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyemtia aibu mbele za watu.

"Mikono yangu mwenyewe," akasema.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikwenda kupika, na tangu siku ile huchambua mchele uani, mlango ameurudisha.

Wakubwa walikuja watatu, baada ya sala ya alasiri, wamevaa vizuri kama watu waendao maulidini. Mimi nilitoka nikakaa barazani, ndivyo ilivyo adabu, lakini madirisha yetu yako chini. Hawakumtukana. Walimuuliza kama ni mkono wake, akasema ni wake. Walimuuliza kama alijua, akasema alijua kwamba anarikodiwa, na mengine hakuyajua. Alisema hivyo mara moja, hakurudia. Hakusema kwamba niliahidi. Hakusema habari za ungo. Mtu angesema anamficha mumewe. Mimi nadhani aliona haya kwamba nilimpata kirahisi hivyo.

"Basi tutauchukua msondo," mkubwa wao akasema.

"Uchukueni."

"Na kwa mjukuu wako tutatafuta mtu."

Kisha nikamsikia mke wangu akisema, "Ngozi yake haitaki jua kali. Mwambieni atakayeushika asiuanike."

Aliubeba mwenyewe mpaka mlangoni, kanga zake zimefungwa. Alipita mbele yangu barazani. Nilisimama nimsaidie, mmoja wa wale wanawake akanitazama, nikakaa.

Jioni ile nilimwambia kwamba nitakwenda kuwaeleza, kosa ni langu peke yangu.

"Utawaambia nini?" akasema. "Kwamba mume wangu mwizi? Ndiyo nitaheshimika?"

Nilikwenda hata hivyo, lakini kwanza nilikwenda Matemwe. Nilimkuta mpiga akodioni nyuma ya jukwaa la hoteli, anafunga nyaya. Nilimwambia aifute ile ngoma. Safari hii nilimwambia ni ya nani na ni ya nini. Uso ulimbadilika, yeye naye ana mke.

"Mbona hukusema, mzee? Nilikuuliza."

"Uliniuliza, nikakudanganya. Ifute."

"Mie nitaifuta, sasa hivi, mbele yako." Akaifuta kweli, mbele yangu. "Lakini nshawapa wenzangu wa Nungwi. Na wageni kila siku wanarikodi na simu zao. Huko ilikokwenda huko, mie na wewe hatukujui."

Nyumbani nikalifuta faili langu, nikafuta na mapigo yenyewe yote, lile nene na lile kavu na lile la kuzibwa. Nyimbo za klabu zikarudi kwenye ngoma ya godoro. Nilipomaliza sikuona tofauti yoyote katika nyumba. Kufuta kulikuwa kazi ya kujiridhisha mwenyewe tu, nami nilikwisha kujiridhisha vya kutosha.

Yule mkubwa wao anakaa Ng'ambo. Nilipiga hodi, akanikaribisha ukumbini, yeye akabaki upande wa pili wa pazia. Ni mtu wa umri wangu. Tulisoma madrasa moja udogoni. Nilimweleza yote, ahadi yangu na ungo na gazeti nililojifanya nalisoma. Nilimwambia mke wangu alinipa mapigo matupu tu, na kwamba ngoma niliikusanya mimi.

"Tunajua," akasema. "Hatudhani kakufundisha. Tunamjua kuliko unavyomjua."

"Basi mrudishieni nafasi yake. Nidaini mimi."

"Wewe tukudai nini? Wewe hukuwahi kuingia mlango huu, hukutuahidi kitu. Huwezi kuvunja kilichokuwa si chako. Yeye aliingia. Alipewa kitu akiweke, kikatoka kwake."

"Bi, ni mjukuu wake."

Nilisikia akikohoa. "Tulilia sote tulipoamua," akasema. "Hatuna mkono kama wake. Usifikiri sisi ndio tuliopata. Aje siku hiyo, ni bibi wa biharusi, nani atamzuia? Lakini atakaa mkekani na wageni."

Nikamrudishia mke wangu jibu hilo. Aliendelea kukunja nguo.

Siku ilipofika alivaa mapema. Hapakuwa na mkokoteni. Nilimsindikiza mpaka kwenye kona ya mtaa wa ile nyumba, akaniambia, "Ishia hapa. Nenda mbali." Nikaenda Darajani, nikakaa kwenye duka la rafiki yangu wa vitambaa, mahali ambapo kelele za soko zinafunika kila kitu, mpaka ilipokaribia magharibi. Ndipo niliporudi pale konani kumngoja.

Walitoka wanawake kwa makundi, wananukia udi, wakipunguza sauti waliponiona. Yeye alitoka peke yake. Tuliongozana. Tulipovuka barabara kubwa na kuingia kwenye vichochoro vyetu, akaanza kuzungumza, bila ya mimi kumuuliza.

"Waliyempa ana mkono mzito," akasema. "Pale panapotaka kuzibwa, anachelewa. Na msondo hakuupasha vya kutosha, ukapoa katikati, akawa anauonea kwa nguvu."

Nikasema, "Aa."

"Mjukuu wako alipoingizwa alinitafuta kwa macho pale kwenye ngoma. Hakuniona. Akageuka huku na huku, mpaka alipoona nimekaa na wageni. Akalia. Wakadhani analia kwa haya."

Akaendelea. Alinieleza nani alianza kuimba na nani alikosea, biharusi aliwekwa wapi, wakubwa walisema nini na wageni walijibu nini, ngoma ya kwanza ilikuwa ipi na ikafuata ipi, na kwa nini ile ya tatu hupigwa baada ya ile ya pili. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya mtu anayeeleza shughuli ya watu wengine. Katika ndoa yetu nzima hakuwahi kunieleza hata neno moja la ndani ya chumba kile. Nilitaka kumwambia anyamaze, lakini nilikwisha kupoteza haki ya kumwambia hivyo, nikamsikiliza mpaka tukafika mlangoni petu.